Jinsi Mwandishi Chipukizi Apatavyo Kujiamini

Husemwa mara nyingi kwamba kujiamini katika uandishi ni tabia ya kuzaliwa nayo: mwenye nayo huandika, asiye nayo hunyamaza. Historia ya fasihi ya Kiswahili haikubaliani na dai hilo. Yaonyesha kwamba kujiamini hujengwa, na kwamba wajenzi wake ni wawili: mwandishi mwenyewe na wasomaji wamjibuo.

Gazeti la Mambo Leo, lililoanza kutolewa Dar es Salaam mwaka 1923, lilipokea mashairi ya watu wasioishi kwa kalamu. Miongoni mwao alikuwamo Shaaban Robert (1909–1962), aliyeanza kazi ya ukarani wa forodha mwaka 1926. Shairi likiisha kutoka, mshairi mwingine aliweza kulijibu kwa shairi. Malumbano ya namna hiyo yana faida kubwa kwa anayeanza, kwa kuwa ushairi una sheria zinazohesabika. Aliyepunguza mizani huonyeshwa mstari uliopunguka. Haambiwi kwamba hana kipawa. Kosa lijulikanalo mahali pake halivunji moyo, kwani hurekebishika.

Wala kuchapishwa upesi si sharti. Kufikirika, kitabu alichokiandika Shaaban Robert mwaka 1946, hakikuchapishwa ila mwaka 1967, miaka mitano baada ya kufa kwake. Hata hivyo hakuweka kalamu chini kukingoja: Kusadikika kilitoka mwaka 1951, na Adili na Nduguze mwaka 1952.

Kikwazo kilicho kigumu zaidi hutoka kwa wenye lugha wenyewe. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ulichagua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930 ilipewa kazi ya kuwatia moyo waandishi pamoja na kukagua lugha ya vitabu. Kazi hizo mbili hazikupatana daima. Mzawa wa Mombasa asemaye “ndia” badala ya “njia” aliweza kudhani kwamba lugha ya mamaye ni kosa. Na aionaye haya lugha ya kwao ataandikaje kwa uthabiti?

Jibu moja lilitoka kifungoni. Abdilatif Abdalla, aliyezaliwa Mombasa katika ukoo wa washairi, alifungwa nchini Kenya tangu 1969 hata 1972, akatunga kwa siri juu ya karatasi za chooni. Hakuwa na mhariri wala msomaji. Alikuwa na vina, mizani, na Kimvita chake. Mashairi hayo yalitoka mwaka 1973 kwa jina la Sauti ya Dhiki, na mwaka 1974 yalipata Tuzo ya Fasihi ya Jomo Kenyatta.

Kwa hiyo yampasa mwalimu au mhariri, kabla ya kushika kalamu nyekundu, kutenga mambo matatu: kosa la sarufi, tofauti ya lahaja, na uchaguzi wa mtindo. La kwanza lisahihishwe, la pili liheshimiwe, na la tatu aulizwe mwandishi mwenyewe. Asiyeyatenga husahihisha ukurasa mmoja, na huenda akapoteza kitabu kizima.