Kombe la Barafuni Lafika Msikitini
Sisi wa pwani barafu twaijua ya kutia sharbatini. Hata hivyo, ndugu msomaji, mimi ni shabiki wa Colorado Avalanche, timu ya Marekani ya hoki ya barafuni. Aliyenivuta ni Nazem Kadri, Mwislamu wa Kanada mwenye asili ya Lebanon. Mei 2022 aligongana na mlinda lango wa St. Louis, akatukanwa asili na dini yake, akatishwa. Mchezo uliofuata alitia mabao matatu! Fainali za Juni zilianza kwetu saa tisa usiku, nami macho kodo. Katika mchezo wa nne, kidole kimetoka kupasuliwa, akafunga bao la ushindi muda wa nyongeza. Agosti, Kombe la Stanley akalipeleka msikitini kwao, London, Ontario, watoto walishike. Subira yavuta heri.