Njaa ya Mama si Ulafi

Katika nyumba za ufukoni, tangu Bujumbura hadi Rumonge na Nyanza-Lac, mama aongezapo tonge la ugali huweza kuambiwa kuwa amekuwa mlafi. Siku chache baadaye huacha sahani nusu, akaulizwa ni nani aliyemuudhi. Hakuudhiwa na mtu. Ni kazi ya homoni, yaani vichocheo ambavyo tezi humimina katika damu.

Ovari za mwanamke hutoa homoni mbili kubwa. Estrojeni hufika ubongoni na kuufanya mwili uhisi shibe upesi. Hupanda karibu na siku ya kupevuka kwa yai, na ndipo wengi hula kidogo. Yai likishatoka, projesteroni hutawala kwa siku 14 hivi, na hamu ya chakula hurudi. Ziada yenyewe ni ndogo, matonge mawili matatu tu. Wavuvi wa Rumonge huvua ndagala kwa taa usiku wa giza, na mbalamwezi ikijaa hupumzika. Baba ajuaye kuhesabu mwezi wa ziwani hashindwi kuuhesabu huu wa nyumbani.

Mimba na kunyonyesha ni jambo zito zaidi. Katika miezi mitatu ya mwisho mama huhitaji nyongeza ya kalori 450 hivi kila siku, na anyonyeshapo kama 500. Ndagala wakavu, waliwao pamoja na mifupa, humpa protini na madini ya chokaa. Mawese mekundu ya Rumonge humpa vitamini A, mradi yasichomwe hadi kuwa meupe. Baba ajiwekeaye mukeke mzima na kumwachia mjamzito mchuzi, huyo ndiye wa kuulizwa habari za ulafi.

Sindano ya uzazi wa mpango ya kila miezi mitatu nayo ina homoni iliyo jamaa ya projesteroni, na baadhi ya wanawake huongezeka uzito. Aonaye hivyo amweleze muuguzi, maana njia nyingine zipo, asiikatize kimyakimya.

Hedhi ikikoma, estrojeni hupungua na mafuta huhamia tumboni. Hapo mawese na yapunguzwe chunguni, matembezi yaongezwe. Ama mvulana abalehaye, testosteroni humjengea misuli, naye husafisha sufuria. Mpikieni maharage ya kutosha.