MTU ALIYESHINDWA NA MADENI
Mambo ya Kutengeneza Kabla ya Kwenda Mahakamani

Katika mazungumzo yetu ya leo twataka kueleza habari za kufilisika, yaani hali ya mtu ambaye madeni yake yamemzidi hata hana njia ya kuyalipa. Wengi hudhani kwamba kufilisika ni kuuziwa vitu mnadani na kuaibishwa tu. Sivyo. Kufilisika kwa sheria ni njia iliyowekwa ili wawia wote wagawiwe kwa haki kile kilichopo, na mdeni naye apate siku ya kuanza upya. Katika nchi ya Kenya njia hiyo imeelezwa katika Sheria ya Ufilisi ya mwaka 2015.

Mdeni mwenyewe aweza kuiomba Mahakama Kuu imtangaze kuwa amefilisika. Sababu ikubaliwayo ni moja tu, kwamba hawezi kulipa madeni yake. Pamoja na ombi lake hana budi kutoa taarifa ya mali na madeni yake yote, na hapo ndipo kazi ya matayarisho ilipo.

Kwanza, na aandike hesabu kamili. Aweke upande mmoja jina la kila mwia, kiasi anachomdai, na kama deni lina rehani au mdhamini. Upande wa pili aandike mali yake: shamba, nyumba, mifugo, fedha zilizo benki au katika simu, na fedha anazowadai watu wengine. Akusanye risiti, mikataba na barua za wawia. Asiache deni la ndugu kwa sababu ya haya, wala lile dogo la dukani.

Pili, asifiche kitu. Mtu aliyebanwa hujaribiwa kumwandikia shemeji yake shamba, au kumlipa rafiki mmoja na kuwaacha wengine. Mambo kama hayo yaweza kutanguliwa na sheria na mali ikarudishwa. Na kuficha mali ili kuwadanganya wawia ni kosa la jinai.

Tatu, ajue mambo ambayo kufilisika hakuyaondoi. Tuchukue mfano wa mwenye duka anayedaiwa shilingi 600,000 na benki kwa rehani ya shamba, shilingi 250,000 na chama cha kuweka na kukopa kwa udhamini wa jirani wawili, na shilingi 180,000 na mfanya biashara aliyemletea bidhaa. Jumla ni shilingi 1,030,000. Akitangazwa kuwa amefilisika, yule wa bidhaa hawezi tena kumfuata peke yake kwa mashtaka. Hungoja mgawo pamoja na wenzake. Lakini benki haipotezi haki yake juu ya shamba lililowekwa rehani. Na wale jirani wawili hawakombolewi: chama chaweza kuwadai wao. Kwa hiyo yampasa mtu huyu kuzungumza mapema na mkewe na wadhamini wake, wasije wakasikia habari hiyo kwa mnadi. Vivyo hivyo, faini za mahakama, deni lililopatikana kwa udanganyifu, na fedha za matunzo ya watoto zilizoamriwa na mahakama, hazifutwi.

Nne, na atazame kama iko njia nyepesi zaidi. Sheria hiyo yaruhusu mdeni kupatana na wawia wake kwa mpango utakaosimamiwa na mtaalamu aliyepewa ruhusa, au kulipa kidogo kidogo kwa amri. Tena iko njia ya mtu asiye na mali ya kuuzwa, ambaye madeni yake si chini ya shilingi 100,000 wala si zaidi ya shilingi 400,000, na ambaye hajapata kufilisika. Huyo hupeleka ombi lake kwa ofisa wa Serikali asimamiaye mambo ya waliofilisika.

Ikiwa hana njia nyingine, basi ajue masharti yatakayomfunga. Mali yake hutiwa mikononi mwa msimamizi, ingawa huachiwa vyombo vya kazi yake na vitu vya lazima vya nyumbani kwa kiasi. Hawezi kuchaguliwa kuwa Mbunge hali bado hajafunguliwa. Kwa kawaida hufunguliwa baada ya miaka 3, nayo huanza kuhesabiwa tangu siku alipotoa ile taarifa ya mali na madeni yake. Basi anayechelewesha taarifa hujirefushia kifungo chake mwenyewe.

Waswahili husema, kukopa harusi, kulipa matanga. Lakini hata matanga yana siku ya kuondolewa. Mdeni asingoje mpaka dalali afike mlangoni. Aandike hesabu yake mapema, aipeleke kwa wakili au kwa ofisi ya Serikali, na kuuliza shauri wakati ingali iko mali ya kugawanywa.