Sinagogi kwa Jirani Zetu: Abayudaya wa Mbale na Mimbari Yetu

Utangulizi

Mwinjilisti anayefundisha darasa la kipaimara huko Ujiji, au katika kijiji chochote cha mwambao wa Ziwa Tanganyika, hapati shida ya kueleza msikiti ni nini. Watoto wameuona tangu kuzaliwa. Wanaijua adhana ya alfajiri, na wanajua kwamba waumini hutawadha na kuelekea Makka. Lakini akifika katika Luka sura ya 4, mahali ambapo Yesu anaingia katika sinagogi la Nazareti siku ya Sabato, hukwama. Akisema ni kanisa la Wayahudi, amekosea. Akisema ni hekalu, amekosea zaidi. Mara nyingi hulipita neno hilo upesi, na watoto hubaki wakidhani kwamba sinagogi ni kitu kilichokufa pamoja na Herode.

Makala hii inakusudia kuonyesha kwamba sinagogi ni nyumba iliyo hai, tena imo katika Afrika Mashariki yetu. Na kwamba namna tunavyoitaja mimbarini ni jambo zito kwetu sisi Walutheri.

Sinagogi ni nini?

Hekalu lilikuwa moja, huko Yerusalemu, na kazi yake kuu ilikuwa dhabihu. Warumi waliliteketeza mwaka 70 B.K. Masinagogi yalikuwa mengi hata kabla ya hapo, na ndani yake hapakuwa na dhabihu, bali kusoma, kufundisha na kuomba. Neno lenyewe, kwa asili yake ya Kiyunani, maana yake ni mkutano. Kwa hiyo kinachofanya sinagogi si jengo, bali ni watu. Kwa desturi, ibada kamili ya jumuiya yahitaji watu wazima kumi. Baadhi ya Wayahudi huhesabu wanaume peke yao. Wengine huwahesabu na wanawake.

Kitu chenye heshima kuliko vyote ndani ya nyumba hiyo ni gombo la Torati, yaani vitabu vitano vya Musa, vilivyoandikwa kwa mkono juu ya ngozi. Huwekwa katika sanduku upande unaoelekea Yerusalemu, na husomwa sehemu kwa sehemu hata kumalizika kwa mwaka mmoja. Msomaji ataona kwamba mengi katika ibada yetu ya Jumapili, yaani masomo, zaburi, mahubiri na sala, yalianzia huko. Hata baraka ya Haruni katika Hesabu sura ya 6, ambayo Luther aliiweka mwishoni mwa ibada yake ya Kijerumani ya mwaka 1526, ingali ikitamkwa katika sinagogi hadi leo.

Asili ya Abayudaya

Karibu na mji wa Mbale, chini ya Mlima Elgon katika Uganda ya mashariki, wako watu waitwao Abayudaya, neno la Kiganda lenye maana ya Wayahudi. Hawakuletwa na meli wala na wahamiaji. Walitokana na usomaji wa Biblia.

Semei Kakungulu alikuwa jemadari wa Kiganda aliyewasaidia Waingereza kuitiisha nchi ya mashariki. Alikuwa Mkristo wa Kiprotestanti, na Biblia nzima ilikuwa imekwisha kutolewa kwa Kiganda tangu mwaka 1896. Baadaye alijitenga na wakubwa wake na kujiunga na Wamalaki, kundi lililokataa madawa ya hospitali. Alipozidi kuisoma Torati, aliona kwamba amri ya tohara imeandikwa waziwazi. Inasimuliwa kwamba wenzake walimwonya kwamba tohara ni jambo la Wayahudi, naye akajibu kwamba ikiwa ni hivyo, basi yeye ni Myahudi. Mwaka 1919 alijitahiri pamoja na wanawe. Mwaka 1922 aliwaandikia wafuasi wake kitabu cha sala na maagizo. Alifariki mwaka 1928.

Sisi tunaofundisha kwamba Neno lina mamlaka kuliko kanisa hatuwezi kumcheka mtu huyu. Aliuliza swali ambalo kila mkulima asomaye Biblia yake chini ya mwembe aweza kutuuliza: kama ni Neno la Mungu, mbona hamlitendi? Tunalo jibu, na limo katika Matendo sura ya 15 na katika Waraka kwa Wagalatia. Lakini ni jibu la kufundishwa kwa subira, si la kutolewa kwa dharau.

Miaka ya Amin

Katika miaka ya 1970 Idi Amin aliipiga marufuku dini yao. Masinagogi yalifungwa, na wengi wakaingia katika Ukristo au Uislamu ili wapate usalama. Inakadiriwa kwamba kutoka watu wapatao 3,000 walibaki kama 300, waliosali kwa siri majumbani.

Hapa historia yao inakutana na ya Tanzania. Majeshi ya Tanzania pamoja na wapiganaji wa Uganda waliutwaa mji wa Kampala, na kuanguka kwa Amin kukatangazwa tarehe 11 Aprili 1979. Jioni ya siku hiyo ndiyo iliyoanza Pasaka ya Kiyahudi, sikukuu ya kutoka utumwani Misri. Kwa Watanzania siku ile ni ya ushindi wa vita. Kwa jumuiya ile ndogo ya Mbale ilikuwa Kutoka kwa pili.

Maisha ya sinagogi leo

Katika miaka ya 1980 vijana wa jumuiya walianza kuijenga upya. Mwezi wa Februari 2002, marabi kutoka nje walikuja na kuwapokea mamia ya Abayudaya rasmi katika dini ya Kiyahudi kwa kuzamishwa majini. Wengi wao waliona jambo hilo kuwa uthibitisho tu wa imani waliyoishi nayo tangu kwa babu zao. Mwaka 2008 Gershom Sizomu, aliyesomea Los Angeles, aliwekwa wakfu kuwa rabi. Mwaka 2016 alichaguliwa pia kuwa mbunge, na mwaka huohuo sinagogi jipya, kubwa kuliko la awali, lilifunguliwa katika kilima cha Nabugoye. Leo jumuiya hiyo yakadiriwa kuwa na watu wapatao 2,000, wengi wao wakulima, na ina masinagogi mengine madogo vijijini.

Ijumaa jua linapotua mishumaa huwashwa, na zaburi huimbwa kwa Kiebrania na Kiganda, kwa tuni walizozitunga wenyewe. Jumamosi Torati husomwa, na kazi za shamba husimama.

Jumuiya hiyo haikujifungia. Katika shule zake husoma watoto wa Kiyahudi, wa Kikristo na wa Kiislamu. Mwaka 2004 wakulima wa dini hizo tatu waliunda ushirika wa kahawa ulioitwa Mirembe Kawomera, yaani amani tamu. Mtu wa Kigoma, ambaye jirani yake ni Mwislamu na shemeji yake Mkatoliki, ataelewa mara moja kwa nini jambo hilo lilikuwa la lazima.

Deni letu Walutheri

Mwaka 1523 Luther aliandika kwa upole kwamba Yesu alizaliwa Myahudi. Lakini mwaka 1543 aliandika kitabu kikali mno, akiwashauri watawala wayachome moto masinagogi, wawanyang'anye Wayahudi vitabu vyao vya sala, na kuwakataza marabi wasifundishe. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Novemba 1938, siku ya kuzaliwa kwake Luther, masinagogi ya Ujerumani yaliwaka moto kweli. Hatusemi kwamba Amin alijifunza kwa Luther. Twasema kwamba lililowapata watu wa Mbale, kufungiwa nyumba ya sala na kunyamazishiwa mafundisho, ni jambo ambalo mwalimu wetu mwenyewe aliwahi kulishauri.

Walutheri hawakulificha jambo hilo. Katika mashauriano na Wayahudi huko Stockholm mwaka 1983 waliyakana maneno hayo ya Luther, na Mkutano Mkuu wa Shirikisho la Kilutheri Duniani uliofanyika Budapest mwaka 1984 ukaipokea kauli hiyo. Lakini kauli ya mkutano haifiki Ujiji yenyewe. Huletwa na mhubiri.

Hitimisho

Tunawasihi basi wanafunzi wetu wanaojiandaa kwenda sharikani. Msemapo "Wayahudi" mkihubiri mateso ya Bwana, semeni ni nani hasa aliyetajwa katika fungu lile, wala msilihukumu taifa zima. Msitumie jina la Farisayo kuwa tusi la kila mnafiki wa kijijini. Katika mwambao wa ziwa si rahisi Myahudi awepo ibadani wa kuwasahihisha. Ndiyo sababu mnapaswa kujisahihisha wenyewe. Na mtoto wa kipaimara akiuliza sinagogi ni nini, mwambieni ni nyumba ambayo Bwana wetu aliizoea kila Sabato, na kwamba Ijumaa hii jioni, huko Mbale, mishumaa yake itawashwa tena.