Kisanduku Kilichofungwa

Mtoto akitumwa sokoni kununua maembe, huyageuza, huyabonyeza na kuyanusa, ndipo atoapo fedha. Lakini mtoto yuleyule, akiketi mbele ya mchezo wa video, yumkini akatoa fedha ya baba yake kununua kisanduku asichojua kina nini, hata awe amekwisha kulipa. Habari ya visanduku hivyo tutaichukua katika nchi ya Ubelgiji, ambako jamaa zetu wengi wanakaa na kulea watoto, na ambako serikali ilijaribu kuvikomesha.

Tuangalie mchezo wa mpira ulioitwa FIFA, wa kampuni ya Electronic Arts ya Marekani. Mtu aliununua dukani kwa bei yake kamili. Hata hivyo, katika sehemu iitwayo Ultimate Team, alipaswa kujiundia timu, na wanasoka hodari walifichwa ndani ya pakiti. Pakiti zilipatikana kwa sarafu za mchezo, ambazo huchumwa kwa kucheza siku nyingi, au kwa pointi zilizonunuliwa kwa fedha halisi. Aliyefungua pakiti aliona mianga ikimetameta. Mara nyingi wakatokea wanasoka wa kawaida tu, ambao labda alikuwa nao tayari. Basi alinunua nyingine. Wala hakuhisi kwamba anatumia euro, kwa maana euro zilikuwa zimekwisha kugeuzwa kuwa pointi, na pointi hazina uzito mkononi. Kwetu sisi, hiyo ndiyo hila iliyo kubwa kuliko zote.

Ghadhabu ilipanda mwezi wa Novemba 2017, kampuni hiyohiyo ilipotoa mchezo wa Star Wars Battlefront II. Ili kumpata Darth Vader zilitakiwa sarafu za mchezo 60,000, na wachezaji walipiga hesabu wakaona ni kazi ya saa zipatazo 40. Watu waliokwisha kulipa bei ya mchezo walipiga kelele sana, hata kampuni ikapunguza hesabu hiyo kwa asilimia 75, kisha, mchezo ukiwa karibu kutoka, ikasimamisha ununuzi wa ndani kwa fedha.

Kelele zilifika Brussels. Tume ya Michezo ya Bahati Nasibu iliichukua sheria ya mwaka 1999, ikauliza: je, ni mchezo? Mtu huweka dau? Aweza kushinda au kupoteza? Bahati ina sehemu yake? Mwezi wa Aprili 2018 ilijibu kwamba visanduku vya FIFA 18, Overwatch na Counter-Strike: Global Offensive ni kamari isiyo na kibali. Koen Geens, aliyekuwa waziri wa sheria, alionya juu ya faini ya hadi euro 800,000 na kifungo cha hadi miaka mitano, adhabu ambayo huweza kuongezwa maradufu watoto wakihusika. Kampuni za michezo ile mingine miwili zilitii mwaka uleule. Electronic Arts ilibisha kwanza, kisha ikaacha kuuza pointi zake Ubelgiji mwisho wa Januari 2019. Huko Uholanzi, nchi jirani, ilitozwa faini ya euro milioni 10, lakini mwaka 2022 mahakama ya juu iliifuta, ikisema kwamba pakiti ni sehemu tu ya mchezo wa ustadi.

Je, sheria ya Ubelgiji ilifaulu? Mwaka 2022 mtafiti Leon Xiao alichunguza michezo 100 ya simu za iPhone iliyoingiza fedha nyingi kuliko mingine katika nchi hiyo. Katika 82 alikuta bado vitu vya kubahatisha vinauzwa. Kampuni kadhaa zenye kujulikana zilikuwa zimejitoa, bali nyingine nyingi ziliendelea na biashara.

Kwa hiyo mzazi wa Brussels hubaki na simu yake mwenyewe. Kadi ya benki ikikwisha kuandikwa humo, mtoto hana haja ya kuomba. Lakini katika mipangilio ya simu mna mahali pa kuamuru kwamba kila ununuzi udai neno la siri, na kazi hiyo haizidi dakika chache.