Punda Mgeni Nyumbani

Ewe mfugaji wa Mbalibali, punda uliyemnunua mnadani amewaacha wenzake na njia alizozizoea. Basi usimtwike mzigo siku ya kwanza. Mpe maji safi, majani makavu na kivuli. Mtenge na punda wako wengine kwa majuma mawili, upate kujua kama ana ugonjwa. Lakini awaone, maana punda mpweke huhuzunika hata akaacha kula. Asipokula, mafuta ya mwili wake huingia damuni, naye aweza kufa.

Asubuhi na jioni amwendee mtu yule yule, akitokea ubavuni, si nyuma. Amwite kwa upole, ampapase shingo, kisha miguu, na kuzikagua kwato. Akisimama ghafula njiani usimpige: punda mwenye hofu husimama apate kutazama. Mngoje, kisha mwongoze.

Mbung'o wa porini huweza kumtia nagana. Ukimwona akikonda au ana homa, mwite Bwana Mifugo upesi.

Akikufuata bila kuvutwa, ndipo umtwike, mzigo mwepesi kwanza. Punda atunzwaye vema aweza kukutumikia miaka 20 na zaidi.