Nafasi kati ya Gari na Gari

Leo tutajifunza habari ya nafasi ambayo dereva huiacha baina ya gari lake na gari lililo mbele. Mwalimu wa darasa awe na chaki tayari, maana kuna hesabu kidogo.

Ninyi wa Hale mnaijua barabara itokayo Segera kwenda Muheza na Tanga. Hupita mabasi ya Dar es Salaam, malori ya mizigo, na matrekta ya mkonge yaendayo polepole. Mara nyingi basi hulifuata lori karibu mno, hata abiria wa mbele aweza kusoma maneno yaliyoandikwa nyuma ya lori. Ukimwuliza dereva sababu, atakujibu, "Nawahi." Haya, tulipime jibu hilo.

Gari liendalo kilomita 80 kwa saa hupita mita 22 kila sekunde. Lori likifunga breki ghafula, dereva wa nyuma hana budi kwanza aone, aelewe, kisha ahamishe mguu na kukanyaga. Kazi hiyo humchukua kadiri ya sekunde moja, na akiwa amechoka, zaidi. Basi mita 22 zimekwisha pita wala breki haijaanza kushika. Kama alikuwa nyuma kwa mita 15, mwaona wenyewe litakalotokea. Tena kuna jambo ambalo wengi hawalijui: mwendo ukizidi mara mbili, njia ya kusimama baada ya breki kushika huzidi mara nne.

Kwa hiyo ni afadhali kupima kwa muda kuliko kwa mita. Dereva huchagua nguzo ya umeme. Lori likiipita, huanza kusema, "Mia na moja, mia na mbili." Akiifikia nguzo kabla ya kumaliza, amekaribia mno. Hizo ni sekunde 2: kwa mwendo wa 80 ni mita 44, na kwa mwendo wa 50 ni mita 28. Mvua ikinyesha, ahesabu hata nne.

Lakini nafasi nayo hula barabara. Saa moja ina sekunde 3,600. Magari yakiachana kwa sekunde 2, hayawezi kupita zaidi ya 1,800 kwa saa katika mstari mmoja. Yakiachana kwa sekunde moja, idadi huwa mara mbili. Katika foleni za asubuhi za Dar es Salaam neno hili lina uzito, na dereva anayeacha nafasi huona mwenzake amejichomeka humo. Hata hivyo kubanana hakuleti faida yote hiyo: wa kwanza akigusa breki, wa pili hukanyaga zaidi, na wa kumi husimama kabisa.

Reli itokayo Tanga, iliyofika Korogwe mwaka 1902, ni ya njia moja. Kanuni ya reli ya namna hiyo ni kwamba treni haipewi ruhusa kuondoka stesheni mpaka ile ya mbele yake imefika stesheni ifuatayo. Usalama ni mkubwa, treni ni chache. Barabara ikifuata kanuni hiyo, basi la pili litangojea Hale mpaka la kwanza lifike Muheza, na abiria hawatakubali!

Hapo Hale hakuna msongamano kama wa Dar es Salaam. Dereva anayepunguza nafasi kutoka sekunde 2 hadi moja, na lori likaendelea mbele yake, atafika Tanga mapema kwa sekunde moja tu. Labda atasema anatafuta kulipita. Lakini akiligandamia haoni lililo mbele ya lori. Akirudi nyuma kidogo ndipo huona barabara.

Kabla ya somo lijalo, simameni na mwalimu mbali na ukingo wa lami. Hesabuni sekunde baina ya magari kumi yanayofuatana, mkaziandike daftarini.